Inchi Tatu za Kukulia

Mazimwi sitini na wawili walikuwa wamepiga kambi langoni petu, na askari wangu kumi walikuwa wamesimama ndani na mashati tu. Si kwamba mavazi ya vita hayakuwepo. Yalikuwepo, nilikuwa nimeyahesabu mwenyewe: kofia kumi za chuma, deraya kumi za kukinga kifua, jozi kumi za buti, zote zimepangwa ghalani hatua chache kutoka pale wanapolala. Lakini kila nilipombonyeza askari mmoja nione amevaa nini, gemu iliniandikia maneno mawili kwa rangi nyekundu: Vazi halipo.

"Halipo vipi na mimi naliona?" nikaifokea kompyuta.

"Mama Kimotho," Jeruto akaniita kutoka kwenye cherehani yake bila kuinua kichwa, "watu wako hapo inje tangu saa mbili. Wewe unapigana na sanduku."

Alikuwa na haki ya kukasirika. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya watoto wa Gredi ya Kumi kuripoti, na mimi ni fundi wa sare za shule. Duka langu liko nyuma ya soko la Kitale, na wiki ile moja ya Januari ndiyo inayonilisha hadi Pasaka. Jeruto, ambaye hutoka Saboti kila siku kuja kunishonea, alikuwa na rundo la sketi linalomfika kidevuni. Mlangoni kulikuwa na akina mama kumi na kitu, kila mmoja na mtoto wake amemshika mkono kama mbuzi wa kupelekwa mnadani. Na mimi, mwanamke wa miaka arobaini na sita, nilikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo, nahangaika na buti za watu wasiokuwepo duniani.

Acheni nieleze kabla hamjanicheka. Gemu yenyewe inaitwa Mapango. Unapewa watu wafupi wanaoitwa wachimbaji, unawaingiza mlimani, unawalimia uyoga, unawachongea vitanda, unawazika wakifa. Huwezi kumwambia mmoja wao inua mguu huu au ule. Unatoa amri, kisha unakaa ukitumaini. Ni kama kulea.

Mwanangu Kimotho ndiye aliyenifundisha, mwaka ule wa korona. Shule zilifungwa, hakuna mtu aliyetaka sare, cherehani zikashika vumbi, na yeye alikuwa kidato cha pili, amekaa nyumbani anakula kuta. Alifufua kompyuta iliyotupwa na ofisi fulani, akaniketisha, akasema, "Mum, wewe ujenge jikoni, mimi nitachimba." Tukajenga. Ngome yetu tukaiita Kwa Kui, jina la marehemu mama yangu. Kapteni wa askari tulimpa jina Kimotho. Mhunzi wa kike, yule anayefua vyuma, Kimotho akampa jina langu, Nyaruai, kwa sababu ati naye hajui kukaa chini. Alipoenda kusomea ualimu Chuo Kikuu cha Kibabii, kule Bungoma, hatukuacha. Yeye alicheza mwaka mmoja wa gemu, akanitumia faili; mimi nikacheza wa kwangu, nikamrudishia. Na gemu hii haina kurudi nyuma. Faili ni moja, kosa likishatendeka limetendeka, na ngome ikianguka inajifuta yenyewe.

Basi mwezi wa Novemba alinipigia simu mchana. "Mum, nimewacha ualimu. Sijaingia darasa tangu Septemba."

Nilikuwa nimeshika mkasi. Nikamwambia maneno mengi, na mengine sitayarudia. La mwisho lilikuwa hili: "Hiyo kozi utaizoea. Utakulia humo ndani."

Kisha akasema polepole, "Nimechoka kukulia ndani ya vitu, Mum."

Niliona ni utovu wa adabu. Mimi ndiye niliyekata simu, tuseme ukweli. Tangu siku hiyo hakushika simu yangu hata mara moja. Krismasi hakuja. Nilichinja jogoo, nikala paja moja, lile lingine nikalitazama mpaka likapoa.

Halafu Alhamisi ile ya Januari, faili ikaja. Hakuna salamu, faili tu. Nilipoifungua nikakuta amechonga maneno kwenye jiwe la lango, pale tulipozoea kuchongeana utani: Mwaka huu ni wako. Ngome ikianguka, tusianze nyingine.

Nilisoma mara tatu. Hakuniita Mum hata mara moja. Nikaelewa vizuri sana. Kwa Kui ndiyo ilikuwa uzi wa mwisho kati yangu na mwanangu, na mazimwi walikuwa wameufikia na gogo la kuvunjia malango. Gemu iliandika pembeni: Lango litavunjika baada ya siku kumi na nane.

Ukisimamisha gemu, siku hazisogei, unaweza kufikiri mpaka uchoke. Lakini mhunzi naye anasimama, na askari anasimama, na hakuna kinachotengenezwa. Ili kitu kifanyike lazima uachilie siku zikimbie. Kila jaribio lilikuwa linanilia siku zangu.

Jaribio la kwanza, nilifikiri ni orodha. Kila kikosi kina orodha ya sare, na yangu ilisema chuma cha pua, ilhali vyuma vyetu vingine ni vya kawaida. Nikabadilisha iwe chuma chochote. Nikaachilia siku moja. Vazi halipo.

Jaribio la pili, nikaona pengine mashati yanazuia. Kuna sehemu ya kuchagua: avae juu ya nguo zake, au avue kwanza. Nikachagua avue. Jamani! Wote kumi wakavua, wakasimama uchi wa mnyama kwenye ukumbi wa kulia chakula, mbele ya wazee na watoto, na bado hakuna aliyekwenda ghalani. Siku mbili zilipotea hapo, moja ya kuvua, moja ya kuwarudishia mashati.

Jaribio la tatu, nikashuku wale wenye kazi ya migodini, kwa sababu wao hubeba sululu na gemu huihesabu sululu kama silaha, basi pengine walishaandikiwa vile vitu. Nikawafuta wote kwenye orodha. Wapi. Jaribio la nne, nikamwaga makasha yote ya ghalani, kofia zikasambaa sakafuni, nikisema labda mpagazi mmoja amekumbatia kasha na anazuia wenzake. Majaribio hayo mawili yalinilia siku tatu nyingine. Vyuma vimetapakaa hadi mlangoni, askari wanavikanyaga wakipita kwenda kunywa pombe ya uyoga, na hakuna hata mmoja aliyeinama.

Zilibaki siku kumi na mbili.

"Mama Kimotho, huyu wa sweta mbili anasema ataenda kwa fundi mwingine," Jeruto akasema.

"Aende!"

"Basi nimwambie hivyo?"

"Usimwambie. Mpe kiti."

Nikachukua simu, nikampigia Jotham. Jotham ni Mbukusu wa hukohuko Bungoma, analala chumba kimoja na mwanangu, kijana mpole ambaye hajui kudanganya.

"Mama, habari ya Kitare?" akasema. Ulimi wake hubadilisha herufi akiwa na wasiwasi. "Kimotho ametoka kidogo. Ameenda... ameenda kuteka maji."

Nyuma yake nikasikia mtu akikohoa. Kikohozi hicho nakijua tangu kikiwa na wiki mbili. Nikajifanya sijakisikia.

"Mimi simtaki yeye. Nataka askari wavae. Kila kitu kiko ghalani na wanasema halipo."

"Uriangaria orodha?"

"Niliangalia."

"Na yare makasha?"

"Nimeyamwaga yote, Jotham. Ghala limekuwa kama mitumba ya Jumatano."

Nikasikia mnong'ono, mrefu, kisha mwingine mfupi. Jotham akarudi na sauti ya mtu anayebeba sahani ya mtu mwingine asitake kuimwaga.

"Mama, anasema... yaani mimi nasema... uangarie watu. Usiangarie vitu."

"Nawaangalia tangu asubuhi! Nimewaona hadi uchi!"

"Eeh, Mama. Pore."

Akakata. Nilitupa simu juu ya kitambaa. Watu, si vitu! Ningekuwa Bungoma ningemvuta mtu sikio. Nikasimamisha gemu, nikafungua pazia, nikatoka kuwahudumia wateja kabla Jeruto hajanichoma na pasi.

Wa kwanza alikuwa Mama Sandra, muuza mboga wa Kipsongo, mwanamke mwenye sauti inayosikika kwa jirani wa tatu. Alikuwa amekuja na Sandra wake kuchukua blaza na sweta. Nilimvisha msichana blaza mwenyewe, nikamgeuza, nikampangusa vumbi mabegani. Nikasema lile neno ambalo nimelisema kwa miaka ishirini na mbili, bila hata kufikiri.

"Nimemwachia inchi tatu za kukulia."

"Hapo sawa kabisa," Mama Sandra akasema. "Hii ni ya miaka tatu. Atakulia humo."

Hii ndiyo desturi yetu na hakuna anayeishangaa. Mzazi wa Trans-Nzoia hanunui sare ya mtoto aliye mbele yake. Ananunua ya yule atakayekuja baadaye. Fundi anayeshona ya kutosha anaonekana mwizi. Mimi hata tepu huwa siivui shingoni siku za haraka. Nampima mtoto kwa jicho, naongeza tatu, nakata.

Jeruto akamsukumia Sandra daftari la kuchukulia nguo aandike jina. Msichana akashika biro. Au tuseme mkono wa blaza ulishika biro, maana vidole vyake vilikuwa bado ndani. Biro ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Akakunja mkono wa nguo mara moja, mara mbili, na alipokunja bega likateleza likamfika karibu na kiwiko.

"Kunja tu, mama," mama yake akamwambia, anacheka. "Wewe shika vizuri."

Sandra hakucheka. Aliinua macho akanitazama, si kwa hasira, ila kwa ule uvumilivu wa mtu ambaye ameshaambiwa asubiri na hana wa kumwambia ni mpaka lini.

Uso huo niliujua. Niliuona kila asubuhi kwa miaka minne mezani kwangu, ukinywa chai. Kimotho alivaa sweta moja toka kidato cha kwanza hadi cha nne, mikono imekunjwa mara tatu, na hakuwahi kuijaza, kwa sababu ana mabega membamba ya baba yangu na mimi sikuwahi kuyatazama. Kitale nzima inanijua kwa sare, na mtoto wangu alikwenda shule amevaa gunia. Mimi nilikuwa nikimwambia kila muhula: bado kidogo, utakulia humo. Alimaliza shule, sweta ikabaki na nafasi yake.

Uangalie watu. Usiangalie vitu.

"Vua," nikamwambia Sandra.

"Avue nini?" mama yake akaruka.

"Blaza ibaki hapa ipunguzwe. Jeruto, mpime huyu mtoto na tepu, mabega na mkono, andika. Ataivaa Jumatatu ikiwa inamtosha."

"Imtoshe leo! Na mwaka ujao je?"

"Mwaka ujao nitamfungulia mshono bure. Nimeacha kitambaa ndani, Mama Sandra, wacha niende!"

Nikarudi nyuma ya pazia nusu nakimbia. Sikumbonyeza askari. Nilibonyeza deraya moja pale sakafuni, nikasoma maelezo yake yote hadi chini, chini kabisa baada ya chuma, uzito na jina la mhunzi, mahali ambapo mtu hafiki. Kimo: kikubwa. Nikabonyeza kofia. Kimo: kikubwa. Buti. Kikubwa. Kisha nikambonyeza kapteni Kimotho, nikasoma mwili wake kwa mara ya kwanza katika miaka mitano ya kumcheza. Kimo: kidogo. Amekoma kukua.

Nikakumbuka. Ilikuwa zamu yangu, miaka mitatu ya gemu iliyopita. Kiwanda cha mhunzi kiliniuliza kimo gani, kidogo, cha wastani au kikubwa, na wale askari walikuwa vijana wabichi, ndiyo kwanza wameingia kikosini. Nilijiambia watoto hawa wanakua na chuma hakikui. Nikachagua kikubwa. Nilijiona nina akili. Na wachimbaji walikuwa wameshafika mwisho wa kimo chao siku ileile niliyowaagizia.

Kwa gemu hii, vazi lisilokutosha si vazi. Ndiyo maana iliandika halipo. Ilikuwa inaniambia kweli tangu asubuhi.

Nilitaka kukaa chini nilie, lakini siku zilikuwa kumi na mbili. Nikaagiza kofia, deraya na buti zote ziyeyushwe. Nikageuza kimo kuwa kidogo, herufi kwa herufi, nikahakikisha mara mbili. Mhunzi Nyaruai akaanza kazi. Makaa yakaisha siku ya tatu. Nikaamuru meza za ukumbi zivunjwe zichomwe makaa, kisha viti, kisha vitanda vya wageni. Stima ya Kitale ikapepesa, taa na kioo vikafifia, kisha mwanga ukarudi.

Hesabu haikunipendelea. Kwa siku zile na makaa yale, ningepata sare nne kamili. Nne, na askari kumi.

Mama yeyote angefanya nilivyotaka kufanya: sare ya kwanza kwa Kimotho. Lakini kapteni alikuwa amelala, na katika Mapango kitu huchukuliwa na aliye karibu. Sare ya kwanza ikachukuliwa na mpiga shoka mmoja. Ya pili na mwingine. Nikawa naona wanainama, wanavaa, na kile kiandiko chekundu kinageuka kijani: Amevaa. Niliwapigia makofi. Ya tatu ikaenda. Kapteni akaamka, akaenda kula kwanza. Damu moja na yule wa Kibabii.

Wale sita wasio na chuma sikuwapeleka langoni. Niliwafungia ghalani pamoja na watoto, nikaweka kufuli. Waliobaki walisimama kwenye kichochoro cha kuingilia, mahali ambapo mazimwi hawawezi kupita zaidi ya wawili kwa mara moja.

"Hawa wakubwa ndio wabaya?" sauti ikauliza juu ya bega langu. Ni Mama Sandra. Alikuwa amefungua pazia, na nyuma yake akina mama wengine watano, shingo zimenyooka.

"Ndio."

"Na huyu mwenye maandishi mekundu ni nani?"

"Ni mtoto wangu," nikasema. Sikuwa na nguvu za kueleza zaidi.

"Sasa mbona miguu hana viatu?"

Ndiyo, hakuwa na viatu. Kofia ilikuwa tayari, deraya ilikuwa tayari, lakini buti za sare ya nne zilikuwa bado kwa mhunzi, na lango lilivunjika. Gogo likapita, mbao zikaruka, mazimwi wakaanza kumiminika. Mpiga shoka wa kwanza alishika mlango akaangusha watatu, wanne, deraya yake ikilia lakini ikishika. Wa pili akavunjwa mkono, akaendelea na ule mwingine. Kapteni Kimotho akaenda mbele pekupeku. Akina mama wakapiga kelele. Jeruto akaacha cherehani.

"Rudi nyuma, wewe! Rudi!" Mama Sandra akamfokea mtu asiyemsikia.

Kisha nikaona kitu nilichokiogopa kuliko mazimwi. Mhunzi Nyaruai alitoka kiwandani na aproni yake, ameshika jozi ya buti, akaelekea kichochoroni. Hakuna aliyemtuma. Alimaliza kazi, kazi ina mwenyewe, anapeleka. Nilibonyeza kila kitu kumzuia. Huwezi kumwambia mmoja wao inua mguu huu au ule. Alipita katikati ya damu na vipande vya mbao akafika nyuma ya mgongo wa kapteni, na zimwi moja likamwona. Rungu likashuka. Kapteni akageuka, akalipokea kwa deraya, kifuani. Nilifumba macho.

"Imeshika!" Jeruto akapiga kelele. "Mama Kimotho, imeshika! Imemtosha!"

Nilipofungua macho zimwi lilikuwa chini, mhunzi alikuwa amekaa sakafuni amevunjika mkono wa kushoto, na kapteni alikuwa anavaa buti. Katikati ya vita, amini usiamini, akavaa moja, akavaa ya pili. Kijani. Amevaa. Kisha akasonga mbele.

Tulipoteza askari wawili kati ya wanne. Nilikaa na majina yao nikayasoma, kwa sababu walikufa kwa makosa yangu hata kama ni watu wa kioo. Mazimwi walipobaki kumi na tano wakageuza, wakakimbia bondeni. Ngome ilisimama. Akina mama walikumbatiana kana kwamba timu yao imefunga, kisha mmoja akakumbuka sweta zake, na kelele zikarudi pale pale.

Nilichonga kwenye jiwe la lango: Nimeona. Vilikuwa vikubwa. Nikatuma faili saa saba na nusu. Kabla sijanyanyuka, simu ikalia.

"Mum."

Miezi miwili sijaisikia sauti hiyo. Nikauliza, "Ulijua?"

"Nilijua. Mwaka wangu wa mwisho niliona pale chini."

"Na hukurekebisha. Ukaniachia mazimwi."

"Ningekuambia," akasema, na sauti yake haikuwa na kiburi, ilikuwa imechoka tu, "ungesema watakulia humo."

Ni kweli, ningesema hivyo. Ningesema hivyo huku nacheka.

"Na ingeanguka?" nikauliza.

"Nimekaa hapa na Jotham tangu asubuhi, Mum. Sijakula."

Machozi yalinitoka na sikuyaficha, Jeruto akajifanya anatafuta uzi. "Mabega yako ni inchi ngapi siku hizi?" nikauliza.

Akafikiri. "Sijui. Hujawahi kunipima."

Kesho yake, Jumapili, siku ambayo fundi yeyote mwenye akili angekuwa ameinamia cherehani, nilimwachia Jeruto rundo, nikashuka Bungoma, nikapanda boda hadi Kibabii. Chumba chao kilikuwa na vitanda viwili, jiko la gesi na kompyuta yenye kioo kilichopasuka pembeni. Juu ya meza kulikuwa na karatasi imekunjwa ncha kwa kukaa sana. Niliisoma nikiwa nimesimama. Fomu ya kubadilisha kozi, kutoka ualimu kwenda kompyuta, imejazwa kila mahali, tarehe ya Novemba, na chini kabisa mstari mtupu wa sahihi ya mzazi.

Nikavua tepu shingoni.

"Simama wima. Usivute pumzi, usijikaze. Simama vile unasimama."

Kimotho akasimama. Nilishika ncha kwenye bega moja, nikaivuta hadi jingine, na nikaona kwamba mwanangu ana kovu dogo nyuma ya shingo ambalo sikujua alilipata wapi. Jotham alikuwa ameketi kitandani na daftari na biro, tayari kuandika.

"Kumi na sita na nusu," nikasema.

"Kumi na sita na nusu," Jotham akarudia. Mama yake naye ni fundi, basi anajua kazi. "Niongeze ngapi, Mama?"

Kimotho alikuwa ananitazama kwenye kile kioo kilichopasuka.

"Andika hivyo hivyo," nikamwambia Jotham. "Na ukimaliza, nipe hiyo biro."